Je, Wajua? Utando Ndani ya Mkebe

Ukinunua maharagwe ya mkebe dukani Uthiru, chakula chenyewe hakigusi bati. Ndani mna utando mwembamba ambao kwa miaka mingi umetengenezwa kwa epoksi yenye bisfenoli A, kemikali inayoweza kuvuruga homoni. Maabara huupima kwa kuiga chakula: asidi ya siki ya asilimia 3 hutumika badala ya nyanya, na mafuta badala ya nyama. Kwa mkebe wa kukaa rafuni zaidi ya miezi 6, kipimo ni siku 10 kwenye nyuzijoto 60, kisha huangaliwa kemikali kiasi gani imehama. Mwaka 2023 wataalamu wa Ulaya walishusha kiwango salama cha bisfenoli A hadi sehemu moja kati ya 20,000 ya kiwango cha awali. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku katika vifaa vinavyogusa chakula. Kwa tahadhari, usipashe chakula ndani ya mkebe. Kimimine sufuriani kwanza.