Reli za Stockholm: Bei humfuata mwenye njia

Mfanyabiashara anayeshuka kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda, kilomita 40 hivi kaskazini mwa Stockholm, mji mkuu wa Sweden, hukutana na soko la ajabu kidogo. Safari ni ile ile ya kuingia mjini, lakini ina bei tatu zinazopishana sana. Anayelipa bei ya juu na anayelipa bei ya chini wote hufika katikati ya mji wakiwa salama na mizigo yao. Tofauti haitokani na mafuta wala na ubora wa viti. Inatokana na swali ambalo kila mwekezaji hupaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha: njia hii ni ya nani, na nani amepewa haki ya kutoza?

Wiki hii tunalichambua soko hilo la usafiri. Msafiri atapata namna ya kubana matumizi, na mwekezaji mdogo atapata somo juu ya mikataba.

TIKETI MOJA, VYOMBO VYOTE

Ndani ya mkoa wa Stockholm muuzaji mkubwa ni mmoja, yaani shirika la usafiri la mkoa linaloitwa SL. Tiketi yake inakubaliwa kwenye metro, tramu, treni za vitongoji na mabasi, na hata kwenye kivuko cha kutoka Slussen kwenda kisiwa cha Djurgården. Hadi mwisho wa 2016 nauli ilikatwa kwa kanda, na aliyekwenda mbali alilipa zaidi. Kuanzia Januari 2017 kanda hizo zilifutwa. Sasa tiketi ya safari moja inadumu dakika 75, na ndani ya muda huo abiria anabadili chombo apendavyo bila kulipa tena.

Metro ndiyo uti wa mgongo. Sehemu ya kwanza, kutoka Slussen kwenda Hökarängen, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1950. Leo kuna njia za rangi tatu, kijani, nyekundu na buluu, zenye vituo 100. Zote tatu hukutana kwenye kituo kimoja tu, T-Centralen, kwa hiyo mgeni aliyepotea arudi hapo aanze upya. Mlango wa metro hutambulikana kwa herufi T. Anayekwenda Kista, eneo la makampuni ya simu na kompyuta, apande njia ya buluu. Anayetaka kuona jengo la zamani la soko la hisa, ambalo siku hizi ni makumbusho ya Tuzo ya Nobel, ashuke Gamla stan.

Tramu zilikaribia kutoweka. Septemba 1967 Sweden ilipohamisha magari kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda kulia, tramu za katikati ya mji ziliondolewa, zikabaki njia chache za pembeni. Baadaye mji ulibadili mawazo. Mwaka 2000 ilifunguliwa Tvärbanan, tramu inayozunguka nje ya katikati ya mji na kuunganisha Gullmarsplan, Liljeholmen na Alvik. Faida yake ni kwamba abiria wa kitongoji kimoja kwenda kingine halazimiki kupita T-Centralen penye msongamano. Mwaka 2010 tramu nambari 7 ilirudi katikati ya mji, nayo hupeleka watu Djurgården kwenye makumbusho.

Treni za vitongoji ni za masafa marefu zaidi. Kwa miaka mingi zilibanwa na reli mbili tu kusini mwa kituo kikuu, mahali ambapo wenyeji walipaita kiuno cha nyigu. Reli hizo mbili ziliwekwa 1871, na treni zote, za mbali na za karibu, zilipita hapo hapo. Dawa ilipatikana Julai 2017, lilipofunguliwa handaki la kilomita 6 kwa ajili ya treni za vitongoji peke yake. Wafanyabiashara wanaokwenda kwenye maonyesho ya Stockholmsmässan hutumia treni hizi na kushuka Älvsjö, dakika kama kumi kutoka katikati ya mji.

PIGA HESABU KABLA YA KUNUNUA

Mali bila daftari huisha bila habari. Tiketi ya safari moja kwa mtu mzima ilikuwa krona 43 mwaka 2025. Bei hupandishwa mara kwa mara, lakini uwiano kati ya tiketi haubadiliki sana. Ya saa 24 hugharimu kama safari nne. Ya saa 72 hugharimu kama mara mbili ya ile ya saa 24. Ya siku saba ni kama safari kumi na moja, na ya siku 30 ni kama safari 25.

Chukua mfano wa mtu mwenye shughuli za siku tatu, safari nne kila siku. Akinunua moja moja atalipa mara kumi na mbili, yaani krona 516 kwa bei hiyo ya 2025. Tiketi ya saa 72 ingemgharimu kama safari nane au tisa tu. Anayekaa siku tano asijumlishe tiketi za siku chache chache. Ile ya siku saba ni nafuu zaidi hata kama siku mbili hazitatumika. Hii ni biashara ya jumla na rejareja kama nyingine yoyote, na anayejua mahitaji yake mapema ndiye anayepata punguzo.

Tahadhari mbili. Kwanza, kwenye mabasi fedha taslimu hazipokelewi. Tiketi hununuliwa kwenye mashine, dukani au kwa simu, au abiria hugusisha kadi yake ya benki kwenye kifaa. Pili, kwenye tramu hakuna geti, lakini wakaguzi wapo, na asiye na tiketi hutozwa faini ya krona 1,500. Hata faini hiyo imezaa soko lake. Kikundi cha wanaharakati kiitwacho Planka.nu, kilichoanza 2001, kina mfuko ambao wanachama huuchangia kila mwezi, nao huwalipia faini wanapokamatwa. Ni bima kamili, ingawa bidhaa yenyewe si halali. Mgeni asijaribu.

BEI TATU ZA ARLANDA

Sasa turudi uwanja wa ndege. Katika miaka ya 1990 serikali ya Sweden ilitaka reli ya kufika Arlanda bila kubeba mzigo wote wa gharama. Ikaingia ubia na kampuni binafsi, A-Train. Kampuni ilisimamia ujenzi, na kwa malipo yake ikapewa haki ya kuendesha treni na kutoza kwa miongo kadhaa. Treni ya kasi, Arlanda Express, ilianza 1999. Inafika mjini kwa dakika 18 hivi, na nauli yake inazidi krona 300. Tiketi ya SL haikubaliwi humo.

Njia ya pili ni treni ya vitongoji, iliyoanza kufika Arlanda Desemba 2012. Inachukua kama dakika 40. Tiketi ya SL inatosha kwa safari yenyewe, lakini abiria hulipa pia ada ya kupita kwenye kituo, inayozidi krona 100, kwa kuingia na kwa kutoka. Ada hiyo ni ya A-Train, kwa sababu kituo na reli hiyo vimo ndani ya haki yake. Hata mwenye tiketi ya SL ya siku 30 anaidaiwa. Watu wawili wakienda na kurudi, ada peke yake inazidi krona 400.

Njia ya tatu haipiti kwenye kituo hicho kabisa. Abiria hupanda basi nambari 583 la SL hadi Märsta, kisha treni ya vitongoji hadi mjini. Safari huchukua kama saa moja, na tiketi moja ya SL inamaliza yote, bila ada.

Kwa hiyo msafiri ananunua muda. Mwenye miadi ya biashara baada ya saa moja ana sababu ya kulipa krona 300 na zaidi. Asiye na haraka akilipa hizo, amempa mwenye njia zawadi.

NANI HUBEBA HASARA?

Mwekezaji anayeishia hapa anaweza kudhani kwamba kila anayeendesha treni Stockholm anavuna. Sivyo. Metro ni mali ya mkoa, na reli za treni za vitongoji kwa sehemu kubwa ni za serikali. Makampuni hupewa kazi ya kuendesha kwa zabuni. Hayapangi nauli, na nauli zenyewe hulipa sehemu tu ya gharama, nyingine hujazwa na kodi ya mkoa.

Kampuni ya MTR ya Hong Kong ilipata zabuni ya metro kuanzia Novemba 2009, na ya treni za vitongoji kuanzia Desemba 2016. Ya pili iliharibika. Madereva walipungua, safari nyingi zikafutwa, na Aprili 2023 madereva waligoma siku tatu kupinga uamuzi wa kuwaondoa walinzi wa treni. Mkataba ulikatishwa kabla ya muda wake, na Machi 2024 kampuni ya reli ya serikali, SJ, ikachukua kazi hiyo.

Linganisha makampuni hayo mawili. A-Train ina haki ya njia na uhuru wa bei. MTR ilikuwa na kazi bila njia na bila bei. Zote zinaitwa kampuni za reli, lakini hatari zake hazifanani hata kidogo.

Wapo pia wenye ardhi. Mwaka 2013 serikali, mkoa na manispaa walikubaliana kurefusha metro, na manispaa zikaahidi nyumba 78,000 karibu na njia hizo. Sehemu ya fedha inatoka kwenye ushuru wa msongamano, uliojaribiwa 2006 na kuwa wa kudumu Agosti 2007. Ushuru huo ulipunguza magari yanayoingia na kutoka katikati ya mji kwa kama asilimia 20. Mwenye gari analipia reli, na mwenye kiwanja karibu na kituo kipya anapandiwa na thamani.

USHAURI WA WIKI

Kwa msafiri: hesabu safari zako, nunua tiketi ya SL ya muda unaokufaa, na uwe na sababu kabla ya kulipia kituo cha Arlanda. Kwa mwekezaji mdogo: ukiletewa hisa za kampuni ya usafiri, iwe ya treni, basi au kivuko, usiridhike na idadi ya abiria. Uliza nani anamiliki njia, nani anapanga nauli, na mkataba unakwisha lini. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayokuonyesha faida itakaa mfukoni mwa nani.