Wasimulizi Wenye Deni: Ugomvi wa Mapacha na Vita vya Biafra katika Riwaya ya Half of a Yellow Sun

Ikisiri

Riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie, Half of a Yellow Sun (2006), inasawiri vita vya Biafra kupitia mapacha wawili waliokosana. Makala haya yanaonesha kwamba ugomvi huo hautoshi kusomwa kama istiari ya taifa lililogawanyika. Unaibua swali la nani husimulia kosa baada ya vita, na nani hukosa nafasi ya kulisimulia. Swali hilo linawahusu wahakiki wa fasihi na washauri wa sera za maridhiano vilevile.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii inachukulia kwamba muda wa kupatana upo. Vita havitoi hakikisho hilo, na hapo ndipo riwaya hii inapojenga mvutano wake.

Jimbo la Mashariki la Nigeria lilijitangaza kuwa Jamhuri ya Biafra tarehe 30 Mei 1967, kufuatia mauaji ya Waigbo kaskazini mwa nchi mwaka 1966. Tanzania ndiyo nchi ya kwanza kuitambua Biafra, mwezi Aprili 1968. Kwa hiyo mada hii si ngeni katika fikra za kisiasa za Afrika Mashariki. Vita vilikwisha tarehe 15 Januari 1970, baada ya raia wengi mno kufa, hasa kwa njaa. Jina la riwaya linatokana na nusu ya jua iliyokuwa katika bendera ya Biafra.

2.0 Chimbuko la Ugomvi

Olanna na Kainene ni mabinti wa tajiri mmoja wa Lagos. Olanna anasifiwa kwa uzuri, na wazazi wako tayari kuutumia kumvuta waziri anayegawa zabuni. Kainene, mkali wa ulimi, anaendesha biashara za baba yao Port Harcourt. Kijicho baina yao hakizuki kwa tukio moja. Kinalelewa na wazazi wanaowapima watoto wao kwa faida watakayoleta.

Kosa lenyewe linakuja baadaye. Odenigbo, mwenzi wa Olanna, anazaa na msichana aliyeletwa na mama yake; Olanna, katika uchungu wake, analala na Richard, mpenzi wa Kainene. Kainene anauchoma mswada wa Richard na kukata mawasiliano na dada yake.

Adichie hafuati mfuatano wa wakati. Sehemu nne za riwaya zinapishana: mwanzo wa miaka ya sitini, mwisho wake, kisha mwanzo tena na mwisho tena. Msomaji anaukuta uhasama kabla ya kujua sababu yake, na anaijua sababu akiwa tayari ameshuhudia mauaji ya Kano pamoja na Olanna. Kosa la nyumbani, linapofichuka, linapimwa katika mizani ambayo vita vimekwisha kuibadilisha.

3.0 Msamaha Bila Hukumu

Mapacha hawa wako upande mmoja wa vita. Kwa sababu hiyo, kumfanya mmoja kuwa Nigeria na mwingine Biafra ni kuilazimisha matini. Wanapatana baada ya Kainene kushuhudia mtumishi wake akiuawa kwa kipande cha bomu. Hatangazi kwamba kosa limefutika. Analiona tu kuwa dogo mbele ya lile alilolishuhudia. Kuanzia hapo upatanisho unakuwa kazi ya kila siku: chakula, dawa na uendeshaji wa kambi ya wakimbizi.

Mwenendo huo unatofautiana na ule wa dola. Vita vilipokwisha, Jenerali Gowon alitangaza kwamba hapakuwa na mshindi wala mshindwa. Hata hivyo, wenye akaunti za benki waliotoka Biafra walilipwa pauni 20 tu, bila kujali walichokuwa wameweka, na mali za Waigbo Port Harcourt zikahesabiwa kuwa zimetelekezwa. Tamko lilitangulia, urejeshaji haukufuata.

4.0 Nani Anasimulia?

Riwaya inasimuliwa katika nafsi ya tatu kupitia mitazamo mitatu: Olanna, Richard na Ugwu, mtumishi wa Odenigbo. Kainene hapewi mtazamo hata mara moja. Aliyekosewa anajulikana kupitia watu wawili waliomkosea. Naye Ugwu, akiwa askari aliyechukuliwa kwa nguvu, anashiriki kumbaka msichana; mwishoni inabainika kuwa ndiye mwandishi wa kitabu cha historia kilichokuwa kikijitokeza ndani ya riwaya. Kila msimulizi ana deni lake.

Hii haimaanishi kwamba ushahidi wao ni wa uongo. Majuto ya Olanna ndiyo yanayomfanya amtazame dada yake kwa makini kuliko mtu yeyote. Lakini pengo linabaki pale pale. Karibu na mwisho wa vita Kainene anavuka mstari wa mapigano kutafuta mahitaji, na harudi. Olanna, msomi wa chuo kikuu, anageukia hata mganga wa jadi ili nduguye apatikane. Hakuna kaburi, hakuna matanga, na msamaha alioupata hauna tena wa kuuthibitisha.

5.0 Hitimisho

Ugomvi wa mapacha unaonesha kwamba msamaha wa kifamilia unaweza kutangulia amani, na kwamba amani ya dola inaweza kufika bila kumrudisha aliyepotea. Kwa washauri wa sera, yako mafunzo mawili. Kwanza, kumbukumbu za vita zinazokusanywa kwa walionusurika zinahitaji kueleza bayana ni sauti zipi hazimo. Pili, kuwatafuta waliopotea ni sehemu ya maridhiano yenyewe, wala si shughuli ya pembeni. Kwa familia inayosubiri, tarehe ya mwisho wa vita haijafika.