Busaa: Pombe Inayochacha Mara Mbili

Je, wajua kwamba busaa huchachushwa mara mbili, na katikati hupitishwa motoni?

Kwanza unga wa mahindi hutiwa maji ya kiasi, ukafunikwa siku kadhaa mpaka ukali wake uanze kupiga puani. Hapo wanaofanya kazi ni bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa za wale wanaogandisha maziwa ya mala. Kisha donge huvunjwavunjwa juu ya bati pana lililowekwa juu ya moto, na mpishi huligeuza kwa sepetu bila kupumzika, macho yakimtoka machozi kwa moshi, hadi liwe chenga za kahawia zinazonukia mahindi ya kuchoma. Akizubaa kidogo tu, zinaungua na pombe yote inakuwa chungu.

Moto huo huua vijidudu vingi vya mchacho wa kwanza, hulainisha wanga na kuipa busaa rangi na harufu yake. Chenga huchanganywa na maji na kimea cha wimbi: nafaka iliyolowekwa, ikachipua, ikaanikwa, ikasagwa. Mbegu inapochipua hutoa vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari. Sukari hiyo huliwa na hamira, ya jamii ileile inayoumua mkate, ikatoa kilevi na gesi. Baada ya siku 2 hadi 4 huchujwa, na kilevi chake kwa kawaida ni kama asilimia 2 hadi 4. Uchachu wake huzuia vijidudu vingi vya maradhi, lakini hauondoi sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mahindi yaliyoota ukungu yatupwe.

Busaa ina historia ya mjini pia. Kaloleni, jijini Nairobi, ni mtaa wa manispaa wa miaka ya 1940, na wakazi wake wengi walitoka Nyanza na magharibi mwa Kenya, ambako busaa ni pombe ya nyumbani. Jijini, hata hivyo, tangu miaka ya 1920 manispaa ilikuwa imejitwalia haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika katika kumbi zake, kwa mfumo ulioanzia Durban, Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka wa 1908. Faida ilitumika kugharimia huduma za Waafrika haohao, huku mwanamke aliyepika chumbani mwake akikamatwa. Naona huo ulikuwa udhalimu: ujuzi ulikuwa wa wanawake, pesa zikawa za baraza.

Leo Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza na kuuza pombe, kwa hiyo kikundi chochote cha wapenda busaa kinachotaka kuipika pamoja kianzie hapo. Kisha kipange mikutano kwa mada, kama wazee walivyopanga pombe kwa mavuno, kulima kwa ujima, mahari na matanga, kila mmoja na mrija wake mrefu kuzunguka chungu kimoja. Mkutano mmoja uwe wa moto: chenga za hudhurungi hafifu, za wastani na zilizokolea, kimea kiwe kilekile, mtu aonje tofauti. Mwingine ulinganishe mahindi na mtama. Ule ambao mimi ningeutamani zaidi ni wa majirani: busaa iwekwe kando ya mbege ya Wachaga, inayopikwa kwa ndizi mbivu lakini hutiwa kimea cha wimbi vilevile. Wimbi mmoja, pombe mbili zisizofanana hata kidogo.

Kabla ya yote hayo, mtafuteni mama aliyepima busaa kwa kopo la mafuta ya Kasuku miaka mingi. Muulizeni anajuaje kwamba donge limeiva, moto upunguzwe lini, na kimea kizuri kina harufu gani. Mengi ya hayo hayajaandikwa popote. Yaandikeni, na mumlipe kama mwalimu.