Tabia au Ugonjwa? Maneno ya Injini kwenye Barabara ya Kalembe

Kalembe iko mpakani mwa Masisi na Walikale, kwenye barabara inayotoka Kitshanga, ikapita Mweso na kuendelea hadi Pinga. Wengi walilisikia jina hilo mwezi Oktoba 2024 kwa sababu ya mapigano kati ya M23 na Wazalendo. Makala haya yanahusu jambo dogo kuliko vita, ingawa watu wa huko hulizungumza kila siku: gari, na maneno ya kulielezea linapoanza kusumbua. Ninatoka katika ukoo wa madereva, na sasa ninasoma isimu. Nikiyaweka pamoja hayo mawili, naona kwamba kwenye barabara ile neno lisilo sahihi laweza kuua injini.

Sababu ni hii. Gari likikwama kati ya Mweso na Kalembe, fundi mwenye uzoefu mara nyingi yuko mbali na hupatikana kwa simu tu. Hasikii mlio, haoni moshi, wala hawezi kunusa mafuta. Kinachomfikia ni maneno ya dereva. Maneno yakiwa mabaya, fundi ataagiza kipuri kisichohitajika, au atasema "endelea" wakati injini ilipaswa kuzimwa mara moja. Na ndani ya gari huenda yumo mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mweso.

Vipuri vya Kifaransa, maradhi ya Kiswahili

Majina ya vipuri yalikuja na wenye magari. Upande wetu, yaliyotawaliwa na Wabelgiji, tunasema bujii, freni, kle, na kumwaga oili tunakuita vidanje. Ng'ambo ya mpaka, walikotawala Waingereza, bujii ni plagi, freni ni breki na kle ni spana. Gari lililoharibika Goma "iko pane". Dar es Salaam "limegoma".

Dalili, lakini, hazikukopwa. Karibu zote zimetoka kwenye mwili wa mtu. Gari linakohoa, linachemka, linakula oili, linakunywa maji, linakosa nguvu mlimani. Kwa hiyo mwenye gari hahitaji kujua jina la kipuri ili aeleweke. Anachohitaji ni kueleza dalili kikamilifu, kama mama anavyomweleza muuguzi homa ya mtoto: imeanza lini, inakuja saa ngapi, imezidi au imepungua.

Neno "tabia"

Kila gari lina tabia yake. Baba mdogo, akiulizwa kwa nini gari lake linakohoa asubuhi, hujibu: "Iyo ni tabia yake tu." Mara nyingi ni kweli. Injini baridi hutetemeka kidogo kabla haijapata joto. Asubuhi ya baridi moshi mweupe mwepesi hutoka, nao ni mvuke unaopotea baada ya dakika chache. Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, kwa sababu inabeba masizi. Hayo hayaombi fundi.

Hatari ni kwamba neno "tabia" hufunga mazungumzo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya radieta yakipungua, si tabia: huenda maji yanaingia mahali pa kuwakia. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na safari inapaswa kukomea hapo hapo. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito ni mafuta mengi kuliko hewa, na jambo la kwanza la kutazama ni filta ya hewa iliyozibwa na vumbi. Kwa ufupi, tabia haibadiliki. Kinachozidi wiki hadi wiki ni ugonjwa.

Neno "mafuta"

Neno lenye hasara kubwa zaidi ni "mafuta". Kwa Kiswahili, esansi ni mafuta, mazutu ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, ya freni ni mafuta, na ya kukaangia pia. Ujumbe wa "gari imeisha mafuta, leteni" unaweza kumleta kijana na bido la mazutu juu ya pikipiki, kumbe injini haina oili. Lugha imetupa dawa rahisi: tusiache neno hilo peke yake. Tuseme mafuta ya injini, mafuta ya freni, mazutu, esansi.

Mazutu nayo ina shida yake. Wauzaji wa kando ya barabara, ambao Wakongo wamewapa jina la Kadafi, huuza kutoka kwenye bido na chupa. Maji yakiingia humo hutulia chini, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta. Magari mengi ya dizeli yana kikombe chini ya filta ya mafuta kinachokusanya maji hayo, chenye skrubu ya kuyamwagia. Kukimwaga kila wiki ni kazi ya dakika chache.

Kilomita zinazodanganya

Vitabu vingi vya magari huhesabu vidanje kwa kilomita, na kipimo cha 5,000 kinajulikana sana. Kipimo hicho kinadhani barabara ni nzuri. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa humaliza 5,000 baada ya saa 100. Gari linalosukumana na tope kwa kilomita 10 kwa saa humaliza umbali huo huo baada ya saa 500, kwa gia ya chini na moto mwingi. Oili haijui kilomita. Inajua saa na joto. Ndiyo maana mwenye gari wa Kalembe hana budi kuhesabu siku za kazi na kufanya vidanje mapema.

Kupima oili ni rahisi. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika 10 hivi. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu nayo ni dalili mbaya, hasa kama hakuna aliyeiongeza.

Maji yanayochemka mapema

Milima ya Masisi hupita mita 2,000. Kwenye urefu huo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na joto la kawaida la injini ni karibu nyuzi 90. Kinachookoa gari ni kifuniko cha radieta: hubana maji kwa nguvu hadi yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kifuniko kikichakaa, gari litachemka kila mlima, na watu watasema ni tabia yake. Tena, usikifungue injini ikiwa na moto. Maji hayo huruka na kuunguza uso. Na maji ya mto yenye matope huziba radieta. Ya mvua, yaliyochujwa, ni afadhali.

Daftari la gari

Ninapendekeza kila gari liwe na daftari, na kila dalili iandikwe kwa sentensi moja yenye majibu matatu: nini kimeonekana, lini, na je, kinazidi. "Moshi mweupe, mlimani, umezidi tangu Jumatatu" ni sentensi ambayo fundi wa mbali anaweza kuifanyia kazi. "Gari inasumbua" haimsaidii mtu. Sisi wa kitivo cha lugha tunaweza kuandaa ukurasa mmoja wa maneno hayo, kwa Kiswahili kinachosemwa Kivu, ubandikwe ndani ya mlango wa gari.