Mguu Mmoja Unauma: Mbona Muuguzi Anatazama Yote Miwili?

Tuseme umeteleza ulipokuwa ukitoka shambani. Goti lako la kulia limevimba. Unakwenda zahanati ukichechemea. Muuguzi hakupi vidonge mara moja. Kwanza anakutazama unavyoingia mlangoni. Kisha anakuuliza maswali mengi. Halafu anakuambia ukunje suruali miguu yote miwili. Anashika goti la kushoto, ambalo haliumi hata kidogo!

Wengine hukasirika hapo. Husema, "Huyu hajui kazi." Sivyo, ndugu. Muuguzi yuko kazini. Anapima mifupa, viungo na misuli yako. Kazi hiyo ina hatua nne: kuuliza, kutazama, kushika, na kujaribu nguvu. Ukizijua hatua hizi utamsaidia muuguzi, naye atakusaidia wewe.

MWILI UMEUNGANA

Mtu mzima ana mifupa 206. Mahali mfupa unapokutana na mfupa mwingine panaitwa kiungo. Goti ni kiungo. Kiwiko ni kiungo. Misuli ni nyama inayovuta mifupa ili uweze kutembea na kulima. Mishipa ya damu huilisha misuli hiyo. Mishipa ya fahamu huiamuru ifanye kazi.

Kwa kuwa vitu hivi vimeungana, ugonjwa unaweza kuwa mahali pamoja na maumivu yakawa pengine. Mtoto anaweza kulia kwamba goti linamuuma, kumbe ugonjwa uko kwenye nyonga. Ndiyo sababu muuguzi hatazami pale unapoonyesha kwa kidole tu.

HATUA YA KWANZA: KUULIZA

Muuguzi atakuuliza: Maumivu yalianza lini? Ulianguka? Yanazidi ukifanya kazi, au ukiamka asubuhi? Je, una homa? Umekonda? Unatoka jasho usiku?

Kila swali lina maana yake. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyokwisha, anayekonda na kutoka jasho usiku, huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo unaweza kumpata hata mtu asiyekohoa. Una dawa, na hupona. Lakini mgonjwa akichelewa, miguu inaweza kupooza.

Pengine atauliza: "Mnakunywa maji ya wapi? Mnakula nini?" Usishangae. Baadhi ya maji ya kando ya Mlima Meru, mkoani Arusha, yana madini mengi yaitwayo floridi. Mtoto anayekunywa maji hayo kwa miaka mingi huota meno ya rangi ya kahawia. Miguu yake pia inaweza kupinda. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Huko Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985 watu walipooza miguu kwa kula mihogo michungu ambayo sumu yake haikuondolewa vizuri. Ugonjwa huo huitwa konzo. Muuguzi asipouliza juu ya maji na chakula, atajuaje?

Sema kweli yote. Kama umechuliwa, sema. Kama umekunywa dawa za miti shamba, sema. Kama ulikwenda kwanza kwa mwunga mifupa wa kijijini, usione haya. Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

HATUA YA PILI: KUTAZAMA

Hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Watu hatufanani. Huyu ana magoti makubwa, yule ana magoti membamba. Kipimo kizuri cha goti lako la kulia ni goti lako la kushoto. Muuguzi hulinganisha. Je, moja limevimba? Mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake? Paja moja limesinyaa? Mabega yako sawasawa? Mgongo umenyooka?

Hata mtoto mchanga hutazamwa hivyo. Nyayo zake zikiwa zimepinda kuelekea ndani, asifichwe nyumbani. Apelekwe hospitali mapema, katika majuma ya kwanza. Huko nyayo hunyooshwa polepole kwa kufungwa plasta inayobadilishwa kila juma. Baadaye huvaa viatu maalumu ili zisirudi kupinda. Mtoto huyo atatembea na kucheza kama wenzake.

HATUA YA TATU: KUSHIKA

Muuguzi hugusa kwa nyuma ya kiganja ili ajue kama kiungo kina joto kuliko mwenzake. Kisha hubonyeza polepole. Hutazama uso wako aone panapouma. Halafu hukuambia ukunje na kunyoosha wewe mwenyewe kwanza. Baadaye naye hukunja, taratibu. Halazimishi. Akikuumiza, mwambie.

HATUA YA NNE: KUJARIBU NGUVU

Atakuambia, "Nisukume kwa mguu," au "Bana vidole vyangu." Nguvu hupewa namba, kuanzia 0 mpaka 5. Namba 5 ni nguvu kamili. Namba 3 maana yake unaweza kuinua mguu, lakini ukisukumwa kidogo tu unashindwa. Namba 0 maana yake msuli hautikisiki kabisa. Muuguzi huandika namba hiyo. Ukirudi, atajua kama umeendelea vizuri au umerudi nyuma.

KUFUNGA SANA NI HATARI

Ndugu msomaji, jambo hili lisikilize vizuri. Mtu akivunjika mguu, wengi humfunga kwa vijiti na kamba, tena kwa nguvu sana. Mguu uliovunjika huendelea kuvimba. Kamba haivimbi. Basi damu hushindwa kupita. Nyama isiyopata damu huanza kufa baada ya saa chache. Mtu aliyevunjika mfupa tu anaweza kukatwa mguu wake, na sababu ni kamba.

Ukimsaidia aliyevunjika, fanya hivi:

1. Usimchue. Usiuvute mguu kuunyoosha.
2. Tafuta ubao au fimbo iliyonyooka. Izungushie nguo laini.
3. Iwe ndefu, ipite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mahali palipovunjika.
4. Funga kwa vitambaa vipana, siyo kamba nyembamba. Usifunge juu ya jeraha.
5. Acha vidole vionekane.

Njiani, vitazame vidole mara kwa mara, kama muuguzi anavyofanya. Vishike: je, ni vya baridi kuliko vya mguu wa pili? Bonyeza ukucha kisha uachie: rangi inarudi upesi, kama katika sekunde 2? Muulize mgonjwa: unasikia nikikugusa? Unaweza kuvichezesha? Maumivu yanazidi? Vidole vikiwa vya baridi, au vina ganzi, au maumivu yanazidi sana, legeza vitambaa mara moja. Kisha fanyeni haraka kufika hospitali.

Hata kama umefungwa plasta hospitalini, dalili hizo zikitokea, rudi siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe uliyopewa.

USINGOJE KESHO

Nenda upesi ukiona mambo haya:

- Mtoto ana homa, na mguu au kiungo chake kimevimba, kina moto, hataki kiguswe. Huenda kuna usaha ndani ya mfupa au kiungo. Usidhani amerogwa. Usimchue.
- Mtoto amelegea mkono au mguu ghafla. Mpeleke zahanati, na mtoe habari, maana lazima apimwe kama ni polio.
- Mfupa umevunjika na pana jeraha.
- Mgongo unauma, na miguu inaisha nguvu, au mtu ameshindwa kuzuia mkojo.

Aliyeanguka kutoka mtini na anaumwa shingo au mgongo asikalishwe wala asibebwe mgongoni. Mlazeni juu ya mlango au ubao mpana. Mwinueni watu wanne au zaidi, kwa pamoja, shingo na mgongo visipinde.

Basi siku muuguzi atakapokuambia ukunje suruali miguu yote miwili, ikunje bila manung'uniko. Mguu wako mzima ndio unaomweleza habari za mguu mgonjwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja hatua nne za kupima mifupa, viungo na misuli.
2. Kwa nini muuguzi hutazama mguu usiouma?
3. Utajuaje kama mguu umefungwa kwa nguvu mno? Utafanya nini?
4. Mtu akianguka kutoka mwembeni hapa kijijini leo, ni akina nani watambeba, na watatumia kitu gani? Pangeni sasa.