Mgeni Mpe Jembe: Kuwapokea Watu-Joka na Miungu Wageni Katika Ulimwengu wa Zamani

Toleo hili tunaongea na wale wenzetu ambao Ijumaa usiku hawaonekani klabu wala maktaba, kumbe wamejifungia chumbani na dadu zenye pande ishirini. Wapo Louisville, wapo Columbus, wapo Buffalo. Wewe usiyeujua mchezo huu usiruke ukurasa, maana swali lenyewe unalijua kuliko unavyodhani: mgeni akifika mahali penye wenyewe, anakaa vipi?

Kwanza, mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons, yaani D&D, ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi: yeye ndiye anayeujua ulimwengu, miji yake, wafalme wake na majambazi wake. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Ni kama hadithi za jioni kwa bibi, ila hapa msikilizaji anaruhusiwa kumkatiza bibi na kusema, "Mimi sungura nakataa."

Ulimwengu unaopendwa mara nyingi ni wa zamani. Greyhawk ya Gygax ilichapishwa 1980. Forgotten Realms, uliobuniwa na Ed Greenwood wa Kanada, ulichapishwa 1987. Mwanzoni jamii za kuchagua zilikuwa chache: mwaka 1974 kulikuwa na binadamu, elfi, dwafu na hobiti, basi. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kina jamii kumi. Humo wamo watu-joka, wenye umbo la mtu na kichwa cha joka. Tiflingi wenye pembe na damu ya mashetani. Na hata orki, ambao zamani kazi yao ilikuwa kuuawa tu.

Sasa tuseme mpo Greyhawk ya 1980, na mchezaji mmoja anataka kuwa mtu-joka. Kwenye ramani hawapo. Msimulizi mvivu anasema, "Hamna shida, karibu." Matokeo yake kiumbe mwenye magamba anaingia mgahawani, anaagiza supu, na hakuna hata mtu anayegeuza shingo. Msimulizi mkali anasema, "Hao hawapo, chagua kingine." Huyu wa pili amefunga mpaka. Lakini yule wa kwanza naye hajampokea mtu, amemfumbia macho tu.

Wachapishaji walivyojaribu

Mwaka 2008, toleo la nne la D&D liliwaingiza watu-joka na tiflingi katika kitabu kikuu. Forgotten Realms ikabidi iwape nafasi. Waandishi walileta balaa kubwa la uchawi, wakasogeza kalenda mbele karibu miaka mia moja, na kipande cha dunia nyingine iitwayo Abeir kikadondoka pamoja na watu wake. Watu-joka wakapata nchi yao, Tymanther. Tatizo ni kwamba ilikaa pale ilipokuwa Unther, nchi ya zamani, ambayo ilifutwa. Wachezaji wengi wa siku nyingi walilalamika sana. Miaka michache baadaye waandishi wakageuza tena: Unther ikarudi, na Tymanther ikabaki kipande.

Cha kusikitisha ni kwamba watu-joka wenyewe walikuwa na historia nzuri. Kule Abeir walikuwa watumwa wa majoka, wakaasi, wakajikomboa. Ndiyo maana wengi wao hawataki kusikia habari za kumpigia mtu magoti, awe joka au mungu. Hiyo inatosha kumjenga mhusika wa miaka. Lakini kama mgeni anapata kiwanja kwa mwenyeji kufutwa, lawama zitamwangukia mgeni, wakati aliyefuta ni mwandishi.

Eberron, ulimwengu wa Keith Baker uliotoka 2004, ulifanya vizuri zaidi. Humo kuna watu wa chuma, waliotengenezwa viwandani kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha, mkataba wa amani uliwatambua kuwa watu huru, na ukapiga marufuku kutengeneza wengine. Basi wapo mitaani, wana uhuru kwenye karatasi, lakini jirani anakumbuka walimfanya nini mwanawe, na tajiri anataka kuwalipa nusu mshahara. Jamii hii ina tarehe, ina sababu, ina majirani. Ukimchagua mtu wa chuma, hadithi imeshaanza kabla hujarusha dadu.

Miji yetu mitatu inafundisha nini

Si lazima mgeni aje na gharika. Tazameni hapa tulipo. Miji hii yote mitatu imepokea watu kwa njia nyingi, lakini kila mmoja una somo lake.

Louisville inaonyesha mgeni aliyeletwa. Mashirika ya kuwapokea wakimbizi yaliwaleta Wabosnia miaka ya 1990, kisha wakaja Wasomali, Wakongo na wengine, na leo Kiswahili ni moja ya lugha zinazosikika sana majumbani kwa watoto wa shule za serikali za jiji hilo. Kwenye mchezo, hawa ni watu-joka walioletwa kwa mkataba: mfalme au hekalu fulani lilikubali familia arobaini. Nani alisaini? Nani alipinga? Msaada unaisha lini?

Columbus inaonyesha mgeni wa safari ya pili. Wasomali wengi wa pale walikuwa wamepangiwa miji mingine ya Marekani, wakahama wenyewe kufuata kazi, nyumba za bei nafuu na ndugu. Kwa hiyo tiflingi wako si lazima wawe wametokea kuzimu moja kwa moja. Wametoka mji wa jirani, ambako mambo hayakwenda, na tayari wanaijua lugha na bei ya mkate.

Buffalo inaonyesha nyumba tupu. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu zaidi ya 580,000. Mwaka 2010 walibaki kama 261,000. Sensa ya 2020 ikahesabu zaidi ya 278,000, ongezeko la kwanza baada ya miaka sabini, na wahamiaji na wakimbizi wamo katika hesabu hiyo. Ulimwengu wa zamani wa D&D umejaa magofu. Badala ya kufuta nchi ya mtu, mpe mgeni mtaa uliohamwa: paa analiziba yeye, kisima anakifukua yeye. Halafu siku moja anatokea mjukuu wa mwenye nyumba na ufunguo mkononi. Hapo mna mkutano wa mchezo wa wiki tatu bila kumuua hata panya.

Kwa hiyo anzeni na mtaa, msianze na taifa.

Na miungu je?

Hapa ndipo wengi tunapokwama, hasa sisi tuliolelewa msikitini au kanisani. Jamii mpya ikija, inakuja na ibada zake. Toleo la 2008 lilipunguza msongamano kwa kuwaunganisha baadhi ya miungu: mungu wa elfi akaambiwa kumbe ni sura nyingine ya mungu wa binadamu. Ni rahisi kwa mhariri, lakini kwa mwenye imani hiyo ni kumwambia kwamba jina alilofundishwa na mama yake halikuwa na maana.

Forgotten Realms yenyewe ina mfano bora, tena wa zamani. Wachawi wa Imaskar waliteka watu kutoka dunia nyingine, wakawafanya watumwa, wakaifunga njia ili miungu yao isiwafuate. Watumwa hawakuacha kuwalilia. Miungu ikazunguka, ikafika kwa merikebu, ikapigana, na nchi ya Mulhorand ikazaliwa. Miungu hao ndio kina Isis, Osiris na Horus wa Misri. Wana watu wao, wana sababu ya kuja, na wana mipaka yao.

Nyumbani tuna mfano ulio hai zaidi. Unguja, mashetani wanaopanda watu kichwani wana makabila. Ruhani ni Waislamu, wanataka udi na marashi. Rubamba ni wa Pemba. Kibuki wametoka Bukini, yaani Madagaska, ni Wakristo na wanataka brandi. Habeshia ni wa Uhabeshi. Kila kabila lina lugha yake, chakula chake, ngoma yake na mganga wake. Hakuna aliyemuua mwenzake ili apate nafasi, na wote wanaishi katika kisiwa cha Waislamu ambako Mungu ni mmoja. Ukitaka kuingiza mungu mgeni, uliza kama anavyouliza mganga: umetoka wapi, unakula nini, unataka nini kwa mtu huyu?

Jambo moja la heshima. Mezani pana wenye dini zao. Imani anayoishi nayo mwenzako usiigeuze kuwa mungu wa mchezo mwenye nguvu za kuhesabiwa. Chukua muundo, buni jina lako. Na msishangae mkikuta vitabu vya zamani havina chetu: kitabu cha miungu cha D&D cha 1980 kilikuwa na Wagiriki, Wahindi, Wachina, hata Wafini, lakini Afrika nzima iliishia Misri. Nyambe, uliotoka 2002, ulikuwa jaribio la mapema la kujenga ulimwengu mzima juu ya Afrika. Kazi haijaisha.

Maswali ya msimulizi

Kabla ya kuanza, kaa na mchezaji wako mjibu haya:

1. Wamekuja lini, na kwa njia gani?
2. Mahali walipo palikuwa pa nani?
3. Nani anawadai, na wao wanamdai nani?
4. Mungu wao amewafuata, amebaki nyuma, au wamemwacha makusudi?
5. Watoto waliozaliwa hapa wanajiitaje?
6. Wanafanya kazi gani ambayo mji ungeikosa wakiondoka?

Swali la sita ndilo zito. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu-joka asiye na kazi katika mji atabaki pambo, watu watamshangaa kidogo kisha watamsahau. Mpe ukufunzi wa wazima moto, mpe zamu ya kulinda daraja, mpe deni la mwokaji. Na swali la tano msilipuuze, maana huyo mtoto hana mahali pengine pa kurudi. Ulimwengu unaomwita mgeni hata yeye bado haujampokea mzazi wake.

Wanaotaka kujifunza kwa kuona, Columbus imekuwa mwenyeji wa maonyesho ya michezo ya Origins tangu miaka ya 1990, wanafunzi wa University at Buffalo wana UBCon yao, na wa Louisville wako mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Indianapolis, kwenye Gen Con. Nendeni na dadu zenu. Mkikuta meza inasema watu-joka hawapo Greyhawk, muulizeni msimulizi kwa adabu kama mjini kwake hakuna nyumba tupu.

Haya, tukutane toleo lijalo.