Lapi Ni Yako, Lakini Mdosi Ni Fundi

Cheki vile hii stori huwa inaanza. Mathe amejikaza akaokota ganji, mmeingia tao Jumamosi, mkapanda ngazi za eksibishen moja pale Luthuli, mkarudi mtaa na lapi ex-UK. Wiki za kwanza iko fiti kabisa: muvi, notsi za kole, hata buda amefailia returns za KRA hapo hapo. Alafu siku moja siste anachomeka printa. Skrini inaingia giza, kidirisha kinatokea katikati, kinamuuliza kama anakubali programu ifanye mabadiliko kwa mashine. Anaenda kubonyeza Yes. Yes imekufa, iko grey. No pekee ndio inawaka.

Hicho kidirisha si virus, usijam. Kinaitwa UAC, na Windows imekuwa nacho tangu enzi za Vista, 2007. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna kitu kinagusa mitambo ya ndani bila admini kukubali. Sasa kisome poa, ju kinakuchanulia ngori iko wapi. Ka kuna imeil ama jina ya msee hapo chini na mahali pa kuandika pasiwadi, admini yuko, ni vile tu si wewe. Ka Yes ni grey na hakuna mahali pa kuandika chochote, basi hiyo mashine haina admini anaweza kuamka. Mara nyingi ni brathe alikuwa anachezea setingi, akajishusha kuwa standard, ile akaunti haina nguvu ya kubadilisha setingi za ndani, ama akazima akaunti yenye ilikuwa na nguvu.

Ile ya imeil ya stranger ndio imejaa mitaa yetu. Windows 11 Home ukiianzisha inataka intaneti na akaunti ya Microsoft. Fundi ako na foleni ya wateja, hana time ya kukungoja ukumbuke pasiwadi ya imeil yako. Anaweka yake, anakuongezea akaunti yako kando, anakupatia mzigo. Na akaunti ya kuongezwa huwa inazaliwa standard. Sidhani wengi wao huwa na njama. Ni uvivu tu. Lakini wewe ndio unabaki mpangaji kwa keja yenye umelipia.

Njia safi ni kumrudia huyo fundi, na uende na lapi, usibonge na yeye kwa simu. Usimwitishe pasiwadi, mwambie aingie mwenyewe. Afungue Settings, Accounts, Other users, abonyeze jina yako, Change account type, achague Administrator. Hapo bado usiondoke. Toka kwa akaunti yake, ingia kwa yako, jaribu kitu chenye kinataka ruhusa. Ikikubali, sasa ondoa akaunti yake ukiwa kwa yako. Ukianza na kuondoa kabla ya kujipandisha, umejifungia nje ya gate na ufunguo uko ndani.

Ka admini ni wewe na umesahau tu pasiwadi, si noma sana. Pasiwadi ya akaunti ya Microsoft unaichange ukiwa kwa simu, bora ile laini ama imeil uliandikisha bado iko hewani. Akaunti ya hapo kwa mashine, ile haina imeil, tangu 2018 Windows 10 imekuwa na maswali ya usalama: kosea pasiwadi mara moja, Reset password itatokea chini, ujibu mtaa ulizaliwa na mambo ka hizo.

Kwa ile Yes ya grey bila admini yeyote, mimi nakuambia usipoteze wikendi ukifuata vijana wa YouTube wenye wanakupea programu ya kuvunja. Hizo ndio huingiza virus zenyewe. Bado unaweza kufungua mafaili yako, si ndio? Yahamishe yote kwa hadi diski ama flash. Alafu kwa skrini ya kuingia, shika Shift ukibonyeza Restart, enda Troubleshoot, Reset this PC, Remove everything. Itafuta kila kitu, na akaunti ya kwanza utafungua baadaye ndio itakuwa admini. Ikikuitisha ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kulinda diski, hiyo ni namba ya tarakimu 48, na mara nyingi imelala kwa akaunti ya Microsoft ya admini wa kwanza. Sasa unaona kwa nini imeil ya fundi ni shida kubwa kuliko printa.

Haya yote ni ya lapi ya kejani kwenu. Ya ofisi ama ya jirani achana nayo. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 inasema kuingia mashine ya mtu bila ruhusa ni faini hadi milioni 5, ama miaka 3 ndani, ama zote mbili.

Na ukishapata uadmini, usikae nao kila siku. Fungua akaunti mbili: ya admini, pasiwadi iandikwe kwa karatasi yenye mathe anaweka pamoja na title deed, na ya standard ya kuangalia muvi na kufanya mboka. Watoi pia wapewe standard. Mtoi akijaribu kuinstall takataka ya gemu, mara nyingi itagonga kile kidirisha na itaulizwa pasiwadi.

Wewe mwenye unaenda kununua lapi mwisho wa mwezi: kabla utume hiyo M-Pesa, mwambie msee wa duka afungue Settings, Accounts, Your info mbele yako. Chini ya jina yako ka hakuna neno Administrator, weka simu mfukoni kwanza.